Kiti cha Nukta

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Nukta, maana katika miaka kumi na miwili ya kusahihisha kurasa hakuna nukta iliyowahi kumpiga chenga. Kisha akaugua skizofrenia. Sauti zisizo na wenyewe zikamsema kutwa kucha, akaondoka kazini bila kuaga.

Sindano ya kila mwezi ilizinyamazisha. Lakini macho yakagoma. Akifungua kitabu, yanaruka kutoka mstari wa pili hadi wa tano, yanarudi, yanapotea. Alijaribu rula, akajaribu kidole, wapi! Alikuwa na kiu ya ukurasa mmoja tu, ausome juu hadi chini. Akakata shauri: sindano basi, hachomwi tena.

Alipokwenda kliniki kuwaambia hivyo, muuguzi alipitisha kalamu polepole mbele ya uso wake.

"Ifuate kwa macho tu, baba."

Macho yakachelewa, yakairukia, yakachelewa tena.

"Dawa yenu hiyo!" Nukta akafoka. "Imeniibia macho."

Muuguzi akafunua faili kuukuu. "Siku uliyoletwa hukuwa umemeza hata kidonge. Tazama, yaliruka hivi hivi. Dawa huweza kuyachelewesha kidogo, sikufichi, na daktari ataangalia dozi. Ila huku kuruka ni kwa ugonjwa. Ukiacha sindano, zitakazorudi ni sauti."

Nukta akalia, mtu mzima na ndevu zake. Hata wa kumlaumu alimkosa.

Jumatatu akaenda kiwandani kuchukua miwani yake, yaishe. Kule husahihisha wawili wawili: mmoja husoma kwa sauti, koma na nukta zote, mwingine hufuata kwenye nakala. Mwenzake wa zamani alikuwa peke yake mezani.

"We Nukta! Kaa hapo."

"Siwezi kufuata mstari, dada."

"Nani kakwambia ufuate? Sikiliza."

Akasoma. Nukta akafumba macho. Sauti moja tu, na mwenyewe yupo.

"Hapo," akasema ghafla. "Mjane ana mabinti wawili? Mwanzo ulisema mmoja."

Dada akarudi nyuma kurasa tatu. "Ala! Nimepita hapa mara mbili, macho kodo!" Akamvutia kiti karibu.

Nukta akaweka kiganja juu ya ukurasa. Bado aliutamani, jamani, aliutamani mno.

"Endelea," akasema. "Ila tarehe kumi nitachelewa. Nina sindano."