Kitabu cha Kuvua kwa Nzi wa Manyoya

Mdogo wangu anauza vipuri vya baiskeli Muyinga, katika duka lilelile alilofungua babu yetu. Mimi nauza vitambaa Gitega. Siku aliyoniletea ule mrija mrefu wa plastiki, alikuwa ameukuta ndani ya kontena la baiskeli kuukuu, umefungwa pamoja na pampu, akadhani ni antena ya redio.

"Dada, mi sijuwe hii ni kitu gani," aliniambia. "Iko na kamba ya jaune na kagurudumu. Nikasema labda we utajuwa, we ndo unasomaka vitabu."

Ndani ya mrija mlikuwa na fimbo nyembamba ya vipande vinne vinavyochomekana, gurudumu dogo lililozungushiwa mshipi mnene wa manjano, na kijisanduku cha bati. Nilipokifungua nilikuta ndoano ndogo sana, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, kila moja imefungwa manyoya na uzi mpaka ikafanana na mdudu. Nimeshika nyuzi maisha yangu yote na sijawahi kuona kazi ya mkono safi namna ile. Nilikumbuka picha ya kalenda niliyowahi kupewa na wauza vitambaa: mtu amesimama mtoni hadi magotini, mshipi wake umejikunja angani kama utepe. Kumbe ndiyo hii. Wanavua samaki kwa nzi wa uongo.

Wakati ule daktari alikuwa ameniambia nitoke dukani walau mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya mgongo na miguu inayovimba. Nilikuwa nimechoka kutembea barabarani bila sababu, nikisalimiana na watu walewale. Mto ungenipa sababu. Nikamwambia mdogo wangu kwamba fimbo ile nitaitumia. Akacheka, kisha akaona sicheki.

Sikumaliza shule. Baba alinitoa darasani nikiwa na miaka kumi na minne nije kusimama dukani, na tangu hapo kila ninachokijua nimekitoa kitabuni. Kukata gauni, sheria za barabarani, chakula cha mtu mwenye sukari wakati marehemu mume wangu alipougua. Nilikuwa na imani kwamba hakuna jambo duniani ambalo mtu hakukaa chini akaliandika vizuri kwa ajili ya asiyejua. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilichohitaji ni kitabu tu.

Nilianzia maktaba hapa Gitega. Yule bwana wa maktaba ananijua, na alinisikiliza kwa heshima hadi nikamaliza kueleza.

"Madamu, kitabu ya samaki iko," akasema. "Na kitabu ya nzi iko."

"Nataka kimoja chenye vyote viwili."

"Ile ya vyote mbili haiko. Lakini si unaweza soma hii kwanza, halafu ile?"

Nilivichukua kwa sababu alikwisha kupanda ngazi. Cha samaki kilieleza namna ya kuchimba bwawa na kulisha samaki pumba. Cha nzi kilihusu vyoo na kuhara. Nilivisoma vyote hadi mwisho, ndivyo nilivyo, na nikavirudisha wiki iliyofuata.

Watoto wangu walioko Bujumbura waliniambia nitazame kwenye simu. Nilitazama. Mtu anaongea sana, anaonyesha uso wake na kofia yake, na kila anapoinua mkono ili arushe, mtandao unakatika. Ukirudi, mshipi uko majini tayari. Mkono ulifanya nini hapo katikati, sikuona hata mara moja.

Mdogo wangu, ambaye kwa kweli ana moyo mwema, akaanza kuuliza. Aliwauliza wavuvi wanaokuja Muyinga kutoka ziwa la upande wa Giteranyi, wakamwambia wao wanatumia nyavu, na mtu anayerusha ndoano isiyo na chambo anawatukana samaki. Akawauliza wafanyabiashara wenzake wanaoagiza mizigo nje. Baada ya miezi miwili mmoja akaleta kitabu. Kilikuwa kikubwa kama sinia, karatasi zinang'aa, na ndani mlikuwa na picha za wale nzi wa manyoya, mamia kwa mamia, kila mmoja na jina lake na historia ya aliyemtunga. Nilikifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa nikasahau wateja. Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa bado sijui ule mshipi wa manjano unafungwaje kwenye ndoano. Aliyekiandika alikuwa anaongea na rafiki zake. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha.

Nilimpigia mdogo wangu kumwambia.

"Hii kitabu iko na shida gani tena?" akauliza. "Si iko na picha?"

"Ina picha za nzi. Mimi sijui hata kuishika fimbo."

"Eh, dada. Sasa we unataka ile ya mtoto mdogo."

"Ndiyo. Hiyohiyo ndiyo ninayoitaka."

Akasema atatafuta. Ilinichukua siku kadhaa kuacha kukasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Cha nne kilikuja kama fotokopi, kurasa mia na kitu zilizotobolewa na kufungwa kwa uzi, kwa Kifaransa. Kilisema wazi kwamba ni cha wanaoanza. Kilianza kwa kuniambia kwamba jambo hili ni rahisi, nami nimejifunza kutowaamini watu wanaoanza hivyo. Hata hivyo kilikuwa na sura ya kushika fimbo, sura ya kurusha, sura ya mafundo. Tatizo ni picha. Mashine iliyotoa nakala ilikuwa imezigeuza zote kuwa madoa meusi. "Tazama mchoro," kinasema, na mimi natazama mahali peusi kama chini ya sufuria. Na kila palipokuwa pagumu, mwandishi alinishauri nimwombe mvuvi mzoefu anionyeshe. Kama ningekuwa na mvuvi mzoefu, ningekuwa na haja gani na kitabu chake?

Nilikitafsiri hata hivyo. Kila Ijumaa baada ya sala ya mchana, duka likiwa bado limefungwa, nilikaa nikaandika sura ya kurusha kwa Kiswahili kwenye daftari. Sikuwa najitafsiria mwenyewe. Nilikuwa nimepata mtu wa kwenda naye mtoni.

Alikuwa mkulima wa Nyarusange, mtu wa miaka arobaini hivi, ambaye alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania na kusoma huko hadi familia yao iliporudi. Alikuja dukani na mkewe kuchagua kitambaa cha sare za kwaya ya kanisa lao. Akaiona fimbo ukutani akaniuliza ni ya nini, na alikuwa mtu wa kwanza kuuliza bila kucheka. Shamba lake linashuka hadi mtoni. Yeye mwenyewe huvua kambale kwa mnyoo. Kifaransa hakijui, ila Kiswahili anakisoma vizuri kuliko mimi.

"Wewe shika fimbo, Mama," alisema, "mimi nitakusomea. Huwezi kusoma na kurusha kwa wakati mmoja."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, kila Jumanne. Nilivaa viatu vya mpira, nikafunga gauni juu kidogo, nikasimama ukingoni, na yeye akasimama nyuma yangu na daftari. Ile fotokopi niliiacha nyumbani isilowe. Akasoma: "Nyuma, simamisha fimbo saa saba. Ngoja mshipi unyooke. Mbele, simamisha saa nne." Mwandishi alikuwa anaeleza mzunguko wa mkono kwa kutumia uso wa saa, na nilikuwa nimezitafsiri saa zake kwa uangalifu mkubwa. Ili tusikosee, mkulima akachora duara kwenye udongo mbichi kwa kijiti, akaweka namba zote kumi na mbili. Tukaitafuta saba, tukaitafuta nne. Nikarusha kati ya saba na nne.

Nilirusha wiki sita. Nyuma yangu mshipi ulipiga majani, ukanasa kwenye matete, mara moja ukanasa kwenye sweta la mkulima. Mbele yangu fimbo ilichapa maji kama mtu anayefua. Kambale wote wa Nyarusange nadhani walihamia bondeni. Wanawake waliokuja kuchota maji walisimama kidogo, wakaniamkia kwa adabu, wakaenda zao, na nikasikia wanaangua kicheko walipopita kona. Nilikuwa narudi Gitega na bega linawaka. Nilimwambia mkulima labda mwili wangu umezeeka kwa jambo hili.

"Mama, tunafanya kama ilivyoandikwa," alisema. "Nimesoma neno kwa neno."

"Basi aliyeandika ni mwongo."

Akalifunga daftari. Nadhani hakupenda kusikia kitabu kinatukanwa.

Cha tano kilifika bila kuagizwa. Mdogo wangu alikuwa amewaambia madereva wote wanaopita Muyinga kwenda Tanzania, na mmoja alikiokota katika nyumba ya wageni upande wa pili wa mpaka, mgeni alikisahau chumbani. Kilikuwa kidogo, kimelowa pembeni. Nilikifungua na moyo ukanishuka. Lugha yake sikuijua hata jina. Ilikuwa na herufi a zenye kiduara juu na o zilizokatwa kwa mstari. Nilimpigia mdogo wangu nikiwa na hasira ambayo hakustahili.

"Umekifungua kabla ya kukituma?"

"Nilifunguaka. Niliona iko na dessins mingi. Si we ulisema unataka ya mtoto mdogo?"

Nilikata simu. Kisha, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kutazama michoro. Ilikuwa michoro ya kalamu, mistari michache, mkono tu na fimbo, hatua kwa hatua. Fundo la kufungia ndoano lilichorwa mara tano, uzi ukipita hapa, ukizunguka hapa, ukivutwa hapa. Nililifunga mara ya kwanza bila kukosea. Nikageuza ukurasa nikaikuta saa. Mtu amesimama mbele ya uso wa saa, na fimbo yake imesimamishwa juu, upande huu na upande huu wa kichwa chake. Nyuma namba moja. Mbele namba kumi.

Niliitazama kwa muda mrefu. Saa saba yetu mshale uko kwenye moja. Saa nne yetu mshale uko kwenye kumi. Nilikuwa nimeitafsiri saa kama mtu anayeuliza muda wa kwenda sokoni, halafu tukaenda mtoni tukazitafuta namba zenyewe kwenye udongo, saba na nne, huko chini kabisa. Wiki sita. Niliinuka nikaenda kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa.

Nilimpigia mkulima nikamweleza.

"Na nilivyoichora vizuri ile saa," akasema.

Jumanne iliyofuata nilirusha kati ya moja na kumi. Siwezi kusema mshipi ulijikunja kama wa kwenye kalenda. Ila ulipita juu ya kichwa changu, ukasikika kidogo, ukaenda mbele na kulala juu ya maji, na nzi wangu wa manyoya akatua mwisho. Mkulima alisema "ehe" kwa sauti ya chini. Mara nyingine nne ulitua hivyo, na mara kumi na zaidi ulirudi kwenye zile tabia zake, nami sikuweza kujua tofauti ilikuwa nini. Chini ya mchoro wa saa kuna aya ndefu, na nina hakika jibu limo humo. Niliwahi kuipiga picha kwa simu ili initafsirie. Ikaniambia kwamba nguo ya fimbo hupumua kwa kiwiko.

Samaki nilimpata mwezi uliofuata. Hakuwa kambale, alikuwa samaki mdogo wa fedha, urefu wa kiganja, na sijui alikosea nini hata akamla yule nzi. Fimbo ilitetemeka mkononi mwangu nikasahau kila kitu nilichokisoma. Nilimvuta tu, nikirudi kinyumenyume hadi kwenye nyasi. Kitabu cha michoro kina ukurasa ambapo mtu anamshika samaki chini ya maji kwa mikono miwili na kumwachia aende. Nilitaka kufanya vivyo hivyo, nikarudi majini nikachutama na yule samaki.

"Unafanya nini, Mama?" mkulima aliuliza.

"Namrudisha. Ndivyo wanavyofanya."

"Tumekuja Jumanne zote hizi kumwogesha samaki?"

Alikuwa amekereka kweli, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana na watu wanaosema kweli. Nilimpa. Akampitisha kijiti kwenye matamvua, tukapanda kilima hadi kwake. Mkewe alimtazama samaki, akanitazama mimi na gauni langu lililolowa hadi kiunoni, akaniletea kiti na taulo. Nilimwomba mkulima karatasi, na hapohapo uani, kabla sijasahau, nikajaribu kuandika mkono wangu ulikuwa umefanya nini mara ile samaki aliposhika. Niliandika mistari mitatu. Nilipomsomea mkulima, alisema haieleweki.