Moto Ulitosha

Kwa miaka mingi nilipiga picha za harusi na za sherehe za mahari, kutoka Nyeri mjini hadi Kiriaini, na kila mara flashi iliwaka. Wateja walitaka hivyo. Ukipiga bila ule mwanga, hata mchana, bibi harusi angekuuliza kama kamera ina filamu. Mwishowe na mimi nikaamini kwamba bila flashi hakuna picha.

Mke wangu hakupenda kupigwa picha. Mwaka juzi, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa haujaondoka tangu asubuhi, aliniita mwenyewe jikoni. Jiko letu ni la mbao, kando ya nyumba, na siku hiyo lilijaa moshi wa kuni mbichi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akichambua maharagwe, moto ukimmulika uso upande mmoja.

"Nipige hapa," alisema. "Lakini zima hiyo radi yako, baba watoto. Moto unatosha. Sitaki nitoke kama mtu aliyepatikana akiiba kuku."

Nilicheka. Nikamwambia kwamba mle ndani kuna giza, na kazi hii niliijua kabla sijamjua yeye. Nikapiga na flashi. Mwanga uligonga moshi ukarudi. Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera, palikuwa na weupe mtupu kama shuka iliyoanikwa. Mikono yake na ungo vilionekana. Uso haukuwepo. Akarudia maharagwe yake.

Ningeweza kupiga nyingine papo hapo, bila flashi, lakini hapo ningekuwa nimekubali kwamba alisema kweli. Nikasema tutapiga siku nyingine.

Alifariki kabla ya mvua za Oktoba. Binti yetu, aliyekuwa akitayarisha programu ya mazishi, aliniomba picha ya mama yake ya karibuni. Sikuwa na nyingine ila ile.

"Baba, mama yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha mikono. Ikabidi yeye na ndugu zake watumie picha ya kitambulisho, wakaikuza mpaka ikapoteza sura, na watu wakamzika mke wangu wakiwa wameshika karatasi yenye mwanamke aliyekaza shingo, ambaye sikumfahamu.

Juzi jioni niliwasha moto mle jikoni. Nilizima flashi, nikaegemeza kamera kwenye rafu ya vyombo isitikisike, nikapiga kigoda chake. Kilitoka vizuri, hadi pale mbao ilipong'aa kwa kukaliwa.