Libwe ya mulango ya classe yetu

Rafiki yangu, ikala karibu, juu hii siwezi kuielezea kila mutu.

Masomo ya Dilala, ile shule kwenye mi nilisomeaka mangaribi, batoto bane nikibaacha ku nyumba, balishaivunja juu ya mine, bachimbe mukuba, ile shaba ya chini yake. Siku ile balituachia tuingie, siye tulisomaka pale, tukumbuke na tuombe. Mutu na mutu alionyesha pake: "Hapa mwalimu alinipiga fimbo." "Hapa njo nilijua kuandika jina yangu." Mi nikaokota libwe pale mulango ya classe yetu ilikuwaka, nikaifunga mu kitambala.

Pa kutoka, mulinzi wa mine akasema: "Mama, fungua. Mwenye kutoka na libwe ya mine anaenda ku buloko, mu gereza."

"Miye, mama wa kanisa, niibe? Hii ni masomo yangu!"

"Fungua tu, mama."

Nikakatala. Akafunga mulango ya chuma, siye bote ndani. Nikapiga magoti mu vumbi, nikaapa kwa jina ya Mungu ni libwe ya ukumbusho tu, nikaanzisha wimbo. Benzangu bakaitikia na nguvu. Mama mumoja tu akaninongoneza: "Yaya, fungua, tutalala hapa."

Mulinzi akaninyanganya kitambala, akamwangia libwe maji ya chupa yake. Vumbi ikatoka. Libwe ikawa rangi ya majani, inangaa. Mukuba yenyewe!

Wimbo ikakatika.

"Mama wa kanisa," akasema, "classe yenu balijengaka na mukuba?" Akacheka mupaka akasahau buloko.

Weye shika tu hii: huku kwetu, libwe ya ukumbusho unaimwangia maji kwanza, njo unaapa.