Mnyonyaji wa Njia ya Ujiji

Nilizika watu wengi kabla sijamaliza shule ya msingi. Wa kwanza alimezwa na chatu, wa pili aliliwa na fisi akiwa bado anajisifu, na wa tatu simkumbuki vizuri, nadhani alistahili. Wote walikuwa wa karatasi.

Mchezo wenyewe aliuleta kaka yangu kutoka shule ya bweni, alikofundishwa na mwalimu mmoja wa kigeni. Kila mchezaji alijitungia mtu, akaandika kwenye kipande cha karatasi nguvu zake na silaha zake. Kaka alisimulia safari, sisi tukaamua watu wetu wafanye nini, na dadu ya ludo ikakata shauri: namba kubwa iliokoa, ndogo iliua. Safari yetu ilikuwa ile ya misafara ya zamani, kutoka Kwihara kwenda Ujiji, maana hatukujua njia nyingine ya kuogopesha.

Mtu wangu wa nne alikuwa mwanamke mpagazi, mbishi, mwenye kisu kikali na wifi mkorofi. Alidumu likizo nzima. Nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na nilitaka jambo moja tu: afike Ujiji akalione ziwa, ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona.

Tatizo lilikuwa zimwi la mwisho. Kwa yule mwalimu lilikuwa maiti inayofyonza damu za watu. Kaka, kwa Kiswahili chake safi, akaliita Mnyonyaji. Redioni siku zile za Ujamaa wanyonyaji walikuwa wanashindwa asubuhi na jioni. Mtaani kwetu Kanyenye, kibarazani, Mnyonyaji alikuwa anashinda.

Habari zikamfikia balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuja jioni, tukamwamkia, akaitika marahaba bila kutabasamu.

"Nasikia hapa mnyonyaji anakula wakulima na wafanyakazi."

"Ni dadu tu, mzee," kaka akasema.

"Dadu haina itikadi? Leo atashindwa, au mchezo huu naufunga."

Akaketi mkekani, akajitungia mtu wake: kiongozi. Silaha hakutaka. Alipokutana na Mnyonyaji alimhutubia. Akarusha dadu, ikatoka moja, na meno yakamshika kiongozi shingoni.

"Anaweza kuokolewa," kaka akasema, "mwenzake akiingia kati."

Mwenzake nilikuwa mimi. Balozi akanigeukia, jasho linamtoka, mtu mzima kabisa. "Mwanangu, utaniacha?"

Ningemwacha. Lakini mama alikuwa mlangoni, amenikazia macho. Mpagazi wangu akaingia na kisu chake, nikapata mbili. Mnyonyaji akamwachia kiongozi, akamshika yeye.

"Msaidie sasa, mzee," nikasema.

Balozi hakunitazama. "Mtu wangu anakimbia," akamwambia kaka.

Alikimbia hadi Ujiji. Ziwa akaliona yeye. Balozi akasimama, akatangaza kwamba umma umeshinda na kwamba marehemu ametoa mchango wake. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, na watu wazima wakacheka, eti naililia karatasi. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Likizo iliyofuata balozi alirudi bila kuitwa, kiongozi wake amemkunja vizuri kwenye mfuko wa shati, akauliza safari inaendelea lini.

"Hata sasa hivi," kaka akasema.

Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamtandikia mkeka. Safari hii nilikuwa nimemwomba kaka niwe Mnyonyaji.