Sahani Inayofuka Moshi

Walipoibuka juu kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi, masanduku yakiwagonga visigino, msusi hakuona kwanza mnara wala sanamu ya farasi katikati ya uwanja. Aliona mgongo wa wifi yake. Wifi mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa mkahawa, pua juu, macho kafumba, akiuvuta mvuke wa jikoni kama mtu anayejifukiza mafua.

"Wifi, umekuja kuuona mji au kuunusa?"

"Uone wewe. Mimi tumbo linanguruma."

Mwenye tumbo hilo ndiye aliyesababisha safari. Alikuwa anatimiza miaka sitini. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na wanafunzi walimwita Mama Sufuria, jina ambalo hata mkuu wa shule alilitumia akijisahau. Kazi yake yote ilikuwa kuwapikia watu chakula cha moto na kula cha baridi. Jikoni kwake mpishi hali mpaka mtoto wa mwisho apate, na huyo akishapata, mpishi anakwangua ukoko akiwa wima, sahani juu ya mfuniko. Akirudi nyumbani, kwanza mume, halafu wageni, halafu mawifi. Kwa hiyo binti yake alipomuuliza anataka zawadi gani, hakuhitaji kufikiri.

"Nikae kitako, niletewe sahani inayofuka moshi, niimalize. Basi."

Binti alimsikiliza kwa makini, akakata tiketi za kwenda nje ya nchi.

Binti huyu ukoo mzima ulimwita Ripota. Msiba, harusi, jino la mtoto kung'oka, yote yalifika kwenye kundi la familia kabla wahusika wenyewe hawajajua walie au wacheke. Alimchukua pia shangazi yake, yaani msusi, ili pawe na wa kushika mikoba wakati wa picha.

Na picha zilipigwa. Mama Sufuria aliuona mji ule kwa kisogo. Daraja lilikuwa nyuma yake, jumba la makumbusho nyuma yake, chemchemi ikamlowesha mtandio akiwa ameipa mgongo na kutabasamu. Kwenye meza mambo yalikuwa hayo hayo.

"Mama, usiguse! Subiri!" Ripota alipanda kiti, akaizungusha sahani mfupa ukae upande wa pili, akasogeza ua, akarudisha ua. "Haya, tabasamu kama unaanza kula."

Mama Sufuria akatabasamu kama anaanza kula mpaka mafuta ya nyama yakaganda meupe.

Msusi hakuwa na shida hiyo. Sahani yake haikuwa na cheo cha kupigwa picha. Aliinamia chakula chake kingali cha moto, akala kwa vidole vyote, akavilamba kimoja kimoja. "Wifi, nyama laini hii! Mpaka nimeungua ulimi."

"Pole sana, wifi," alijibu Mama Sufuria, kwa sauti ambayo mtu asiyekuwa na kinywa kilichojaa angeitilia maanani.

Asubuhi ya siku yenyewe ya kutimiza sitini palikuwa na nafasi. Ripota alikuwa bado anapaka rangi ya mdomo chumbani, na chini kwenye ukumbi wa hoteli chakula kilikuwa kimepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu ajipakulie. Mama Sufuria alikamata sahani. Akaukuta upawa. Upawa ulipomwingia mkononi, miguu ikazunguka meza yenyewe, na msusi alipoteremka alimkuta wifi yake upande wa pili, akiwapakulia wageni wazima wenye suti, foleni imenyooka kama ya bweni.

"Yai moja moja!" alikuwa akimkemea mzee mmoja mwenye tai, kwa lugha ambayo mzee hakuijua hata neno. "Wenzako hawajapata!"

Mzee akarudisha yai.

"Wifi, na wewe umekula?" msusi aliuliza, akijisogezea mkate.

"Wakimaliza hawa."

Walipomaliza hao, sufuria zilikuwa zimeondolewa.

Mchana Ripota aliwapeleka kwenye mkahawa ulioutazama mnara kupitia kioo. Yakaja mabakuli mawili ya supu ya samaki, mvuke ukipanda mpaka usoni. Ripota hakuagiza yake, kwa kuwa mikono ingekuwa na kazi. Alichomeka mshumaa kwenye mkate, akarudi nyuma, akakunja uso.

"Mama, sogea. Mnara unakutoka kichwani kama pembe. Tena kidogo. Hapana, umezidi."

Mama Sufuria alisogea. Utando mwembamba ukaanza kutanda juu ya supu yake. Akautazama. Kisha akatazama bakuli la pili, lililokuwa bado linafuka, na kijiko cha wifi kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Wifi, lete."

"Nilete nini?"

"Bakuli. Na kijiko."

Akavichukua, akaacha mtandio kitini, akaelekea mlangoni. Mhudumu alitanua mikono kumzuia. Mama Sufuria akamtazama kama anavyomtazama mkuu wa shule anapokuja kudai nyama ya pili, na mhudumu akamfungulia mlango.

Msusi akataka kuinuka.

"Shangazi, kaa! Hamia kiti cha mama, mshumaa unakwisha!" Ripota alimvisha mtandio kichwani. "Watu wanasubiri kwenye kundi. Inamisha uso tu, hawatajua."

"Nina njaa mimi!"

"Tabasamu kama unaanza kula."

Nje, ng'ambo ya barabara, Mama Sufuria alikuwa ameketi kwenye benchi. Mnara, kwa mara ya kwanza, ulikuwa mbele yake. Aliupa jicho moja, akapuliza kijiko, akala, na hakuharakisha.

Ndani, picha ilitumwa, na simu ikaanza kulia mezani kando ya supu iliyopoa. Kaka yake msusi, mume wa mwenye sherehe, ndiye aliyetangulia kujibu.

"Mke wangu, umependeza sana leo," aliandika. "Hivi chumvi inakaa wapi?"