Mshale Niliousikiliza Mimi

Baba yangu alikuwa seremala hadi mgongo ulipomshinda, ndipo akageukia mishale ya matete, kazi aliyofundishwa na babake. Wateja wake walikuwa kikundi cha watu wazima waliokutana kila Jumamosi karibu na Ruring'u kulenga shabaha kwa pinde za zamani. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Gatitu baada ya ndoa yangu kuvunjika, nina miaka arobaini na mitatu na sina shughuli. Nikawa msaidizi wake.

Tulikata matete mtoni wakati wa kiangazi, yaliyokomaa tu, tukayaacha yakauke wiki kadhaa juu ya meko ya kuni. Kisha Baba alipasha kila kifundo kwenye makaa na kukinyoosha polepole kwa vidole, kwa sababu tete halioti limenyooka. Mbele alichomeka ncha ya mti mgumu. Nyuma alichonga pengo la kushikia kamba, akalizungushia uzi lisipasuke, halafu akabandika manyoya matatu ya bata mzinga.

Lakini kabla ya manyoya, kila tete lilikunjwa kidogo karibu na sikio. Tete zima hunyamaza. Lenye ufa hulia, sauti ndogo kama ukucha ukikwaruza karatasi, na hilo hutupwa motoni. Masikio ya Baba yalikuwa yameharibiwa na mashine ya kupasua mbao, kwa hiyo kusikiliza kulikuwa kazi yangu.

Mwaka huo mvua ilitukuta mapema na matete mengi yakashika ukungu. Baba alikuwa ameahidi mishale kumi na miwili. Kumi na mmoja ilinyamaza. Tete la mwisho lililia. Nikalikunja tena, likanyamaza, nikajiambia pengine nilisikia vibaya. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi, akijisugua mgongo kwa uchovu.

"Iko sawa, mama?" akauliza. Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

"Iko sawa, Baba."

Ijumaa alasiri aliijaribu yote nyuma ya nyumba, akilenga gunia lililojazwa nyasi kavu. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikimpa mmoja mmoja. Ule wa mwisho haukufika kwenye gunia. Ulivunjika pale alipoachilia kamba, kwa mlio mkavu, na upinde ukaanguka. Baba alibaki ameinua mkono wa kushoto, akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kipande cha tete kilikuwa kimeingia chini ya kidole gumba na kutokea upande wa pili.

Nilinyoosha mkono nikishike.

"Usivute," akasema. "Ita mtu ako na gari."

Jirani alitupeleka hospitalini. Walimpasua siku hiyohiyo, wakamtoa vibanzi vyembamba kama nyuzi, wakasema huenda vingine vimebaki. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wiki ya pili kidonda kilianza kunuka. Walikata vidole viwili, kisha, kidonda kilipozidi kupanda, wakaukata mkono kwenye kiwiko.

Nilimwambia siku mbili baadaye, wodini. Nilianza kwa sauti ya chini.

"Nini?" akasema. Hakusikia.

Ikabidi nipaze sauti, wagonjwa wote wakisikia. "Baba, ule mshale ulilia. Nilisikia. Nilikudanganya."

Mzee wa kitanda cha pili aligeuza uso akatazama ukuta. Baba aliangalia bendeji yake.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umechoka. Sikutaka uanze ingine."

"Ningeanza ingine," akasema. "Hiyo ndiyo kazi."

Nilimletea uji, akanywa, nikaondoka.

Mtu wa kile kikundi cha Jumamosi alikuja nyumbani kuulizia mishale. Niliikunja yote kumi na mmoja karibu na sikio, mmoja baada ya mwingine, na yote ikanyamaza. Sikuweza kuiamini. Niliivunja kwenye goti mbele yake. Alinitazama kwa huruma, akaniambia nimpe Baba pole, akaenda zake.

Baba alipotoka hospitalini aliomba apelekwe kwa kaka yangu kule Endarasha. Mimi humtembelea kila mwezi. Hunisalimia vizuri. Hunieleza habari za viazi na jinsi baridi kali ilivyounguza majani, nami hujibu kwa sauti kubwa ili anisikie. Mara ya mwisho tulikuwa tumekaa nje, upepo ukaanza, nikainuka nimfunge vifungo vya koti. Alishika koti lake kwa mkono uliobaki, akamwita mke wa kaka yangu aliyekuwa jikoni. Tulimsubiri hadi alipokuja, akapangusa mikono kwenye leso, akamfunga.