Geji ya Vacuum Iliyotaka Kufanya Gari Langu Banda la Kuku

Wakuu, habari zenu, na salaam aleikum kwa walio wa salaam.

Naanza kwa kukiri. Yule mwanamke aliyeonekana kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Kiwanjani, amevaa gauni la heshima, kichwa kimezama ndani ya boneti wakati mahubiri yanaendelea, ni mimi.

Nimelikana jambo hili karibu mwaka mzima. Akina mama wa kanisa niliwaambia ni mtu tunayefanana. Mume wangu, Baba Kendi, nilimwambia nilikuwa msalani.

Nilikuwa napima vacuum. Engine ilikuwa imepata joto sawasawa kutoka nyumbani, na mhubiri alikuwa bado kwenye utangulizi.

Nitakayosimulia yote yalitokea. Gari lenyewe liko hapa nje, linapigwa na jua. Mwenye shaka aje Isiolo alipige teke tairi.

Ni saloon ya zamani, ya kabureta, ya umri ambao spea zake unaziulizia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye matangani. Mimi huandika makala, na katika miaka yote ya kuandika, kalamu imeninunulia vitu viwili: gari hilo na miwani ya kusomea. Ndiyo maana nalipenda kuliko linavyostahili.

Shida ilianza kwa kutetemeka. Nikisimama petrol station bila kuzima engine, kioo cha ndani kinanionyesha mimi watatu. Likiona mlima, linafikiri kwanza.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa fundi. Mimi nina digrii, kwa hivyo nilinunua kitabu.

Kitabu kikasema pima vacuum. Kwa wasiojua: engine ya kabureta hufyonza hewa kama mtoto anayefyonza soda kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu, anafyonza upepo. Geji inapima nguvu ya kule kufyonza. Kitabu kilisema engine nzima, ikiunguruma bila kukanyagwa, mshale usimame kati ya kumi na nane na ishirini na moja.

Geji nilitumiwa kwa basi na shemeji yangu wa Mombasa, mume wa mdogo wangu. Yeye ana gari kama langu, rangi tu ndiyo tofauti. Alinunua geji mbili zinazofanana, moja yake, moja yangu.

Langu lilisoma kumi na mbili.

Nikampelekea fundi wangu, Guyo, pale Bulla Pesa. Tukapuliza dawa ya kabureta kwenye kila kiungo, tukisikiliza engine itabadilisha sauti wapi. Ikabadilisha kwenye mpira unaokwenda kwa breki. Ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali ambapo hata mwizi asingeangalia. Tukaweka mwingine.

Mtetemeko ukaisha. Gari likapata nguvu. Mshale ukapanda hadi kumi na tano, ukasimama pale, umetulia tuli.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angelipa, ashukuru, aende nyumbani.

"Kitabu kinasema kumi na nane," nikamwambia Guyo, ambaye huniita mwalimu tangu anione na kitabu.

"Mwalimu, gari imetulia kama ng'ombe ameshiba. Hiyo mshale unaitaka ya nini?"

"Kitabu kinasema."

"Kitabu ndiyo itapanda hiyo gari?"

Lakini mimi ni mtu wa kung'ang'ana. Tukabadilisha gaskit ya chini ya kabureta. Kumi na tano. Tukabadilisha ya manifold. Kumi na tano. Tukazungusha distributor, ile inayopanga wakati wa plagi kuwasha, kidogo, mshale ukafika kumi na saba, nami nikapiga makofi peke yangu. Nikatoka nalo kujaribu, na kwenye mwinuko wa kwanza engine ikaanza kugonga kama mtu anayedai kodi. Tukairudisha ilipokuwa.

Kila jioni nilikuwa nampigia shemeji kumpa ripoti. Sijui kwa nini. Mgonjwa naye hupenda kumtazama mzima.

"Yangu kumi na tisa, shemeji," alikuwa anasema. "Mshale hata haupepesi."

Siku nyingine: "Hiyo yako si engine, shemeji. Hiyo ni feni."

Kibaya zaidi, Guyo naye akaanza kuamini kitabu. Ukimwimbia mtu wimbo mmoja kila siku, mwishowe atauitikia. Asubuhi moja alifuta mikono, akatazama chini, akasema, "Mwalimu, kama vacuum iko chini na hakuna mahali inavuta hewa, basi ni ring za pistoni zimekwisha. Tufungue engine."

Sasa, Baba Kendi alikuwa ameapa zamani kwamba siku atakayosikia neno "tufungue", gari linauzwa. Si mtu wa kuapa ovyo. Alitafuta mnunuzi kabla chai haijapoa.

Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa Ngaremara, Ekai, anayeuza kuku kando ya barabara. Alikuja Jumamosi na futi ya kupimia. Sikujua kwamba gari hununuliwa kwa futi.

"Engine hata mkitaka mbaki nayo," alisema. "Ina milango mingapi?"

"Minne," akajibu Baba Kendi.

"Sawa. Wale wa mayai nyuma. Jogoo atakaa kwa dereva."

Wakuu, nilitazama kile kiti cha dereva. Hicho ndicho kiti pekee duniani ambacho hakuna mtu huniuliza nakwenda wapi nikiwa nimekikalia.

Funzo nitaliweka hapa, maana mwisho wa kisa hiki ni simu, na baada ya simu hiyo sina la kuongeza. Kabla hujauliza gari lako lina ugonjwa gani, uliza kipimo chako kilizaliwa wapi. Wenye magari ya kabureta, andikeni hapo chini mshale wenu unasoma ngapi, na msisahau kutaja mji. Wanaotaka kunicheka kuhusu kanisa pia wakaribie, nimeshazoea.

Basi Ekai alikuwa anapima upana wa kiti cha nyuma, Guyo ameitwa kuthibitisha kwamba engine imekwisha, ndipo simu yangu ikalia. Shemeji. Alikuwa njiani kutoka Mombasa, anakuja kumsalimia mama yangu, na geji yake ameibeba kwenye buti aje kunifundisha kwa vitendo. Nikaweka loudspeaker, mikono yangu ilikuwa na grisi.

"Shemeji, nimekwisha," alisema. Alikuwa anahema.

"Uko wapi?"

"Hapa Timau. Nilisimama kununua viazi, nikasema wacha nipime nikutumie video ya kumi na tisa. Shemeji, inasoma kumi na moja."



"Gari inaungurumaje?" Guyo akauliza kwa mbali.

"Vizuri tu! Hilo ndilo linaniogopesha. Haina mtetemeko, haina lolote, na mshale umeanguka. Nimefungua boneti mara mbili, na mimi mwenyewe napumua kama nimekimbizwa. Hii baridi yenu haina hewa."

"Rudia hapo," nikasema.

"Haina hewa, shemeji. Mlima wote huu nimepanda, navuta pumzi sishibi."

Nikamtazama Guyo. Guyo akanitazama. Geji inalinganisha hewa iliyo ndani ya engine na hewa iliyo nje. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua, na mshale unapungua nayo, hata engine ikiwa nzima kabisa. Kitabu changu kiliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, na Isiolo iko zaidi ya mita elfu moja juu yake.

Baba Kendi aliweka kikombe chini taratibu. "Kwa hivyo kumi na tano ya Isiolo..."

"Ni kumi na tisa ya Mombasa," nikasema.

Ekai akaacha kupima.

"Shemeji, uko?" sauti ikatoka kwenye simu. "Niambie ukweli. Ni ring?"

Ningeweza kumtuliza papo hapo. Nilikumbuka feni.

"Usijali, shemeji," nikamwambia. "Teremka polepole. Mnunuzi niko naye hapa, anauliza yako ina milango mingapi."